Bariyeri ya Majani

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Juzi nilivuka mto kutoka mjini Kindu, nikapanda hadi Alunguli kuwasalimu ninyi vijana mnaolea watoto wadogo katika ule uwanja nilioufanyia kazi kabla yenu. Nikakuta umefagiliwa hadi unang'aa. Watoto wameketi kwenye mikeka, mikono magotini, wanaimba a, e, i, o, u. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na udongo kwenye kucha. Mtoto wa miaka minne ambaye jua limeshapanda na kucha zake bado safi, huyo anaumwa. Kama haumwi yeye, basi mwalimu wake ndiye anayeumwa.

Ukutani kulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli. Nikamwuliza Solange, ambaye ndiye mkubwa wenu pale, "Mna nini humu?"

"Vitu vya kuchezea, papa. Vya plastiki, vizuri sana."

"Na watoto wanavichezea lini?"

"Tunafungua wageni wakikuja. Watoto wanaharibu, papa. Unawajua."

Nikagonga kifuniko kwa kidole, tu hivi, kusikia kama kuna kitu ndani. Mtoto mmoja akanyanyuka mkekani, macho yamemtoka, akaniuliza, "Mugeni, leo njo siku ya kushika?"

Siku ya kushika! Nilicheka, kisha nikalitazama tena lile kufuli. Solange naye ni mtu mwema, alinihurumia, akafungua sanduku ili nione. Ndoo ndogo nyekundu, magari, wanasesere wenye nywele za manjano, vyote vipya kama siku vilipotoka kiwandani. Na juu ya vyote, imeviringwa vizuri, kamba. Kamba ya kawaida, ya kufungia mzigo kwenye baiskeli.

"Na hii?"

"Hiyo nimewanyang'anya," akasema. "Walikuwa wanacheza bariyeri. Wawili wanashika kamba njiani, mwingine akipita wanamwambia, 'Leta kitu!' Kama maaskari kabisa. Ni mchezo mubaya, papa. Wageni wakiona watasema tunafundisha nini hapa?"

Akaiweka tena kamba ndani, akabana kufuli. Nikaondoka bila kuaga sawasawa, na njia nzima mpaka kivukoni nilikuwa nikibishana peke yangu, hadi mwendesha mtumbwi akaniuliza ninagombana na nani. Nagombana na ninyi. Kwa hiyo kaeni mnisikilize, maana ile kamba naijua.

Mimi sikuwahi kutaka kazi hii. Nilimaliza sekondari vita vikiwa vimeshafika Kindu. Treni ilikuwa haiji, chumvi ilikuwa inaliwa kwa ncha ya kidole, na vijana wa umri wangu waliokuwa na nguvu walisukuma baiskeli zenye mizigo porini, siku nyingi kwenda na siku nyingi kurudi. Mimi baiskeli sikuwa nayo. Nilichukuliwa na Mama Bernadette nimchotee maji.

Mama Bernadette alikuwa amefundisha watoto wadogo huko Kalima, wakati kampuni ya madini bado ilikuwa na shule, na shule ina vyoo, na vyoo vina milango. Vita vilipofika huko, upande wa Pangi, alitembea kwa miguu hadi Alunguli, akafikia kwa kaka yake. Nyuma ya nyumba ya huyo kaka palikuwa na uwanja na jiko la matope. Watoto wa wakimbizi walikuwa wanazagaa hapo, mama zao wameenda kulimia watu ili wapewe mihogo. Akaanza kuwakusanya. Hakumwomba mtu ruhusa. Alikuwa mwembamba, mkali, na alikuwa anachoka na watu haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, isipokuwa wale walio wafupi kuliko meza; hao hakuwachoka.

Wenzangu wa baiskeli walinicheka mpaka wakachoka. "Weye kijana muzima unachunga watoto? Utaanza kunyonyesha lini?" Watoto wenyewe waliniita Papa Makopo, na nitawaeleza kwa nini.

Wiki ya kwanza nilitaka kumfurahisha Mama Bernadette. Nikachonga lori la mti mwepesi, magurudumu nikayakata kwenye kandambili kuukuu, mlango wa nyuma unafunguka na kufungwa. Lilikuwa lori la ajabu, hata leo najivunia. Nikaliweka katikati ya uwanja. Kabla jua halijafika kichwani, mmoja amepasuka nyusi, mwingine ameng'atwa mkono, na lori limeshikwa na mbabe mmoja aliyekaa juu yake wala halisukumi. Mama Bernadette akaliangalia, akaniangalia.

"Umewaletea kiti cha mufalme," akasema. "Sasa wanapigania kiti. Nenda ulete makopo."

Nikaleta makopo ya dagaa na ya nyanya niliyookota sokoni. Akanionyesha jinsi ya kukunja makali kwa ndani kwa kugonga na jiwe, halafu kupitisha kidole chako mwenyewe pande zote, si cha mtoto, chako. Kopo moja ni gari, kesho ni sufuria, keshokutwa ni redio. Hakuna anayepasua nyusi ya mwenzake kwa ajili ya kopo, kwa sababu makopo yako mengi na bado hayajawa kitu. Mtoto ndiye anayeyafanya kuwa kitu. Hapo ndipo akili inapofanya kazi, vijana wangu, katika ile nafasi ambayo mtengenezaji hakuimaliza. Wanasesere wenu wa nywele za manjano wamemalizwa mpaka kope. Mtoto atafanya nini zaidi ya kushika?

Udongo wa mfinyanzi tuliuchota ukingoni mwa mto, tukautoa vipande vya chupa, tukaufunika kwa majani ya mgomba usikauke. Vifuniko vya chupa vya kuhesabia vilikuwa vizuri, kwa sababu havipiti puani. Maharagwe msiwape. Mahindi msiwape. Najua mnayapenda, ni rahisi kuyapata, na mimi nilidhani hivyohivyo, mpaka siku mtoto mmoja alipoingiza punje ya hindi sikioni kisha akatuficha, tukaja kujua ilipoanza kuvimba. Mama Bernadette aliitoa kwa mafuta ya mawese ya uvuguvugu na subira ambayo sikujua anayo. Alipomaliza akanigeukia mimi, sio mtoto, na yale aliyoniambia siyaandiki.

Akina mama nao walikuja kulalamika. Mmoja alisimama mlangoni, kikapu kichwani. "Mama, mimi nilimutuma asome. Namukuta anapika udongo!"

"Na weye ulijifunzia wapi kupika?" Mama Bernadette akamjibu. "Kwenye ubao mweusi?"

Yule mama akacheka bila kutaka. Kesho yake akamleta na mdogo wake.

Sasa nifike kwa Riziki.

Riziki alikuwa na umri wa miaka mitano hivi, na aliletwa na bibi yake. Walikuwa wametoka kijiji kimoja upande wa Pangi, watatu: bibi, mama na mtoto. Njiani waliikuta bariyeri. Kamba imekazwa kati ya miti miwili, matambara mekundu yananing'inia, watu wenye bunduki. Bibi na mtoto waliambiwa wapite. Mama aliambiwa abaki. Bibi alituambia hayo akiwa amesimama, kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza njia. Mama yake Riziki hakufika Alunguli. Mpaka leo hajafika.

Mtoto hakuwa bubu. Alizungumza na bibi yake, alizungumza na kopo lake. Ila hakuvuka kitu. Fimbo ikilala chini, alizunguka. Mlango wenye mtu aliyesimama hakuingia, hata mtu huyo akiwa bibi yake mwenyewe. Bibi alimpeleka shule ya msingi kumwandikisha; langoni palikuwa na mlinzi na mti mmoja uliolazwa kuzuia mbuzi. Riziki akachuchumaa hapohapo, akajikojolea, akarudishwa mgongoni. Mkuu wa shule alimwambia bibi, bila ubaya, ana watoto wengi mno darasani, huyu amlete siku atakapoweza kuingia kwa miguu yake.

"Asiposoma nitamwachia nini?" bibi alimwuliza Mama Bernadette. "Shamba? Shamba liko kule. Mimi nazeeka. Nifanye aje?"

Mama Bernadette hakumwahidi kitu. Alisema tu, "Umulete kila siku."

Na katika uwanja huohuo, watoto wenzake walikuwa wameanza mchezo wa bariyeri. Walichukua kamba yangu ya kufungia kuni, wakaikaza kwenye ile njia nyembamba kati ya nyumba na jiko, ambayo kila mtu lazima apite akiingia uwanjani. "Simama! Leta kitu!" Sauti zile zile, hata kukohoa kule kule kwa mtu mwenye bunduki mkononi. Nikaenda kuwanyang'anya kamba, kama Solange.

"Acha," Mama Bernadette akasema.

"Mama, husikii wanachosema?"

"Nasikia. Walikisikia kwanza wao. Kaa chini."

Yeye alikwenda bariyeri kama mpita njia. "Simama! Leta kitu!" wakamwambia. "Nilete nini?" akauliza. Wakatazamana. Kwenye bariyeri za kweli hakuna aliyewahi kuuliza. "Majani!" mmoja akasema. "Mangapi?" Wakatazamana tena. "Matatu!" Akaenda kuchuma, akarudi na manne. Wakahesabu, wakagombana, wakahesabu tena, wakamrudishia moja. Akapita.

Tangu siku hiyo bariyeri ikawa na sheria zake. Leo majani makubwa mawili na madogo mawili. Kesho manjano, sio mabichi. Aliyeshika kamba lazima ahesabu sawasawa, akikosea anatoka, mwingine anashika. Wale watoto walijifunza hesabu pale kuliko nilivyojifunza mimi kwa fimbo. Ninyi mna neno la Kifaransa kwa jambo hilo, niliwasikia mkilitaja. Mama Bernadette hakuwa na neno. Alikaa kwenye kigoda chake na kuuangalia ule mchezo jinsi mpishi anavyoangalia chungu, mkono haugusi, jicho halitoki.

Riziki hakucheza. Alikaa na kopo lake karibu na jiko, upande wa ndani wa kamba. Asubuhi bibi alimwingiza kabla kamba haijakazwa, jioni alimchukua ikishaondolewa. Siku zikapita hivyo, nikaanza kukereka. "Mama, tumwite. Tumshike mkono tumvushe mara moja, aone hakuna kitu."

"Alishavushwa mara moja," akanijibu. "Kaa chini."

Sentensi hiyo, kaa chini, nimeisikia kwake kuliko jina langu.

Halafu kukawa na tatizo la Papa Amisi. Huyu alikuwa chef wa avenue yetu, yaani mkuu wa mtaa, mzee mwenye heshima, mwoga, na katika miaka ile woga ulikuwa sehemu ya kazi yake. Maaskari walikuwa wamepiga kambi huko chini, karibu na kivuko. Mtu alimwambia kwamba kuna watoto Alunguli wanaowaigiza. Papa Amisi akatuma salamu: atakuja mwenyewe, na akija, ule mkusanyiko utavunjwa. Si mchezo tu. Watoto wote kila mmoja kwao. Nikamwomba Mama Bernadette aifiche kamba, walau siku hiyo. Alikataa. Nilimwona mkaidi, na bado namwona hivyo. Angeweza kutupotezea kila kitu.

Siku aliyokuja, kamba ilikuwa imekazwa njiani. Upande mmoja ameshika mtoto aliyekuwa anaitwa Bosco, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Upande wa jiko alikuwa mwingine, mfupi, ambaye alikuwa akibana mapaja kwa muda mrefu, maana aliyeachia kamba alipoteza zamu. Mwishowe hakuweza. Akaangalia kulia, kushoto, akamwona Riziki na kopo lake. "Shika!" akamwambia, akamsukumia ncha ya kamba mkononi, akakimbia kwenda kukojoa nyuma ya migomba.

Riziki akabaki nayo.

Nikanyanyuka. Mkono wa Mama Bernadette ukanidaka shati kwa nyuma. "Kaa," akasema kwa sauti ya chini. "Kaa, nimesema."

Na hapohapo Papa Amisi akatokea, kofia kichwani, fimbo kwapani, anakuja mbio kama mtu anayetaka kumaliza jambo asilolipenda.

"Simama!" Bosco akapiga kelele.

Papa Amisi akasimama. Sio kusimama kwa kucheza na watoto. Alisimama wima, kofia akaivua, na mkono wake wa kulia ukaingia mfukoni. Wenyewe. Nisikilizeni vizuri: mtu mzima, chef, mbele ya kamba iliyoshikwa na watoto wasiofika kiunoni kwake, mkono wake ulitafuta kitu cha kutoa kabla kichwa hakijajua. Tuliuona sote. Na yeye akauona. Akaukuta mkono wake uko mfukoni, na uso wake sijui niuelezeje. Hakuna aliyecheka. Hata Bosco hakucheka.

"Leta majani," Bosco akasema, lakini kwa upole.

"Sina," Papa Amisi akajibu. "Sina majani, baba."

Akaiangalia kamba. Kisha akamwangalia aliyeshika upande wa pili. Riziki alikuwa ameikamata kwa ngumi, kamba imekazika hadi kwa Bosco. Alimtazama yule mzee asiye na kitu cha kutoa. Akaangalia ngumi yake. Akaifungua.

Kamba ikaanguka chini.

"Pita, papa," akamwambia.

Papa Amisi akapita. Kamba ilikuwa imelala mavumbini na bado aliinyanyua miguu, mmoja baada ya mwingine, juu kabisa. Akaja akaketi kwenye benchi letu. Mama Bernadette akampa maji. Akayanywa yote, mimi nikingoja atuvunje. Alipoinuka alisema, "Mchezo huo uhamie nyuma ya jiko. Njiani nisiuone." Akavaa kofia. "Na mutu akiniuliza, mimi nimekuta watoto wanahesabu majani."

Riziki siku ile hakutaka kuachia kamba tena. Bibi yake alipofika kumchukua alisimamishwa, akaambiwa majani, akaleta, akapita, akasimamishwa tena. Kamba inapanda, inashuka. Yule bibi alivuka mpaka magoti yakamuuma, na hakulalamika.

Shule ilipofunguliwa alimpeleka tena. Sikuwepo, lakini bibi alituigizia mara nyingi. Langoni Riziki alisimama. Akamtazama mlinzi, akamwuliza, "Unataka majani mangapi?"

"Majani gani?" mlinzi akasema.

"Muambie matatu!" bibi akamlilia. "Baba, nakuomba, sema matatu tu!"

"Haya, matatu."

Akachuma, akampa mkononi, akauvuka ule mti, akaingia. Mlinzi alikuja kutulalamikia baada ya wiki kadhaa. "Ule mutoto wenu kila asubuhi ananiletea majani. Kwani mimi niko mbuzi?" Mama Bernadette akamwambia ayapokee na aseme asante. Aliyapokea, masikini, hadi siku moja mtoto alipopita mbio na wenzake akasahau kumpa, na nasikia alisikitika kidogo.

Miguu yangu mimi haikai. Baada ya vita nimefanya kazi hii Kalima, Kailo, Kibombo, popote palipokuwa na watoto na mtu wa kunipa mahali pa kulala, na kila mara nilirudi kuuona mto wetu asubuhi ukiwa na ukungu. Mama Bernadette tulimzika nikiwa safarini. Nilifika udongo umeshakauka. Siku hizi kazi inataka karatasi ambazo sina, na magoti yangu hayataki tena mikeka. Sidai kitu. Niliacha kazi, au iliniacha, tumeachana salama.

Lakini juzi ile, kabla sijapanda mtumbwi, nilipita kwa Riziki. Anauza mafuta ya mawese pale juu ya kivuko, mama wa watoto watatu, sauti kubwa, hachezewi. Nilikuwa bado nachemka. Nikamwambia kuhusu Solange na sanduku. Kisha nikamwuliza jambo ambalo miaka yote sikuwahi kumwuliza: anakumbuka nini cha siku ile?

Alikuwa anapima mafuta, hakuinua kichwa.

"Papa Amisi simukumbuki," akasema. "Wanasema nilimupitisha, mimi sikumbuki. Nakumbuka kamba."

"Kamba imefanya nini?"

"Ilikuwa nyepesi." Akaziba chupa, akaifuta kwa kitambaa. "Mimi nilifikiri ile kitu iko nzito, Papa Makopo. Ile ya kule njiani. Nilifikiri iko nzito sana, njo maana mama hakuiinua akatufuata. Halafu nikaishika. Kumbe iko kamba tu."

Akanipa chupa. Mteja mwingine akaita, akageuka kumjibu.

Solange, binti yangu, watoto wamefika tena kwenu mwaka huu kutoka njia zilizo mbaya, umeniambia mwenyewe. Yule aliyeanzisha bariyeri uwanjani mwako sijui alipita wapi kabla ya kufika hapo, na sidhani kama na wewe umemwuliza. Usimwulize. Chukua funguo, ufungue lile sanduku, umpe kamba yake. Wageni wakija, watakuta watoto wanahesabu majani.

Halafu ukae chini.